Madirisha ya Nyumba Zetu na Maandishi ya Wazee Wetu: Kutoka Pate Hadi Vamizi



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, mwezi huu tunaacha kidogo habari za masultani na vita, tuzungumze kitu ambacho kila mmoja wetu anakiona kila siku na pengine hakuwahi kukifikiria, nacho ni dirisha. Nimechagua mada hii kwa sababu vitabu vya insha wanavyotumia watoto wetu shuleni, viwe vya Kireno, vya Kiingereza au vya Kiswahili, mara nyingi huwa na zoezi lile lile: kaa dirishani, tazama nje, andika unachokiona. Ni zoezi zuri, lakini limebuniwa na watu ambao nyumba zao zinatazama barabarani. Nyumba nyingi za wazee wetu wa pwani hazikutazama barabarani, na hata hivyo wazee wetu waliandika, tena waliandika sana. Je, waliandika wakitazama nini?

Nitajaribu kulijibu swali hilo kwa historia, nikianza na neno lenyewe, kisha Medina, Kilwa, visiwa vya Lamu na Unguja, mpaka tufike kwetu Vamizi, kisiwa kilichopo katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji.

MLANGO MDOGO NA WAVU

Neno "dirisha" tumelipata kwa Waajemi. Kwao "dar" ni mlango, na "daricha" ni kimlango, yaani mlango mdogo. Jambo la kupendeza ni kwamba Wareno nao, waliotawala huku kwetu, neno lao "janela" lilitoka kwenye Kilatini, na maana yake ya asili ni hiyo hiyo, kimlango. Waingereza wao walikwenda njia nyingine kabisa, neno lao walilirithi kwa watu wa kaskazini ya Ulaya, na maana yake ni jicho la upepo. Kwa hiyo mtoto wa Cabo Delgado anayesema dirisha akiwa madrasa na janela akiwa shuleni hajabadilisha maana hata kidogo. Amesema mlango mdogo mara mbili.

Tunayo maneno mengine. "Roshani" asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya mwangaza, na waliopata kwenda Hija wakapita mji wa zamani wa Jidda wameona yale madirisha makubwa ya mbao yaliyotokeza nje ya ukuta kama makabati, wenyewe huyaita rawashin. Mwanamke huweza kukaa humo akapata upepo na kuona njia, wala aliye njiani asimwone. Na lipo "shubaka". Kwa Kiarabu "shubbak" ni dirisha, na shina lake ni kufumana, kuingiliana. Neno "shabaka" kwao ni wavu, na nadhani mvuvi wa Vamizi hahitaji kuelezwa zaidi, kwani dirisha la kimia la mbao ni wavu uliotegwa ukutani, upepo unapita na macho yananaswa.

Sasa tazama, ndugu msomaji, lililolipata neno hili lilipovuka bahari. Kwa Waarabu shubbak hutokea upande wa pili. Kwetu shubaka limekuwa pia lile tundu la ukutani lisilotokea kokote, mahali pa kuweka taa, kiberiti, msahafu au kikombe, ndugu yake kidaka. (Kidaka cha ukutani, si kile cha mnazi.) Na wafasiri wetu wa Qurani walipofika Surat An-Nur, aya ya 35, penye mfano mashuhuri wa nuru, na wakakutana na neno "mishkat", neno la Kiswahili walilolichagua ni hili hili shubaka. Wanazuoni wa tafsiri walikwisha kueleza zamani kwamba mishkat ni tundu la ukutani lisilopenya, na wakasema sababu yake, kwamba taa ikiwekwa mahali pasipopenya mwangaza haupotei, hujikusanya. Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitunga risala nzima juu ya aya hiyo akaiita Mishkat al-Anwar.

Nimelirefusha jambo hili kwa makusudi. Kama dirisha lisilopenya nalo ni dirisha, basi nyumba za wazee wetu zilikuwa na madirisha mengi kuliko tunavyodhani.

MLANGONI PA BIBI AISHA

Kabla ya kurudi pwani tupite Medina. Vyumba vya wake za Mtume (S.A.W.) vilikuwa vidogo, vimeshikana na msikiti, na mlango wa chumba cha Bibi Aisha (R.A.) ulifungukia msikitini. Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari yake mwenyewe, jinsi siku ya Idi Wahabeshi walivyokuwa wakicheza kwa mikuki na ngao msikitini, naye akasimama nyuma ya Mtume, akitazama, na Mtume akamsitiri na kumngojea mpaka mwenyewe akachoka kutazama.

Habari hii husomwa kwa ajili ya hukumu zake, na ni haki, lakini mimi huwaambia wanafunzi waisome pia kama kazi ya msimulizi. Zingatia alichokihifadhi: alisimama wapi, alimwegemea nani, alitazama kwa muda gani. Haya ni mambo ambayo mtu aliyekuwa katikati ya mchezo asingeyajua. Bibi Aisha amepokewa hadithi 2,210, na sehemu kubwa ya habari hizo ni za mtu aliyekuwa ndani, anayesikia na kuona kutoka mlangoni.

Upo upande wa pili wa jambo hili. Sahl bin Saad (R.A.) amesimulia kwamba mtu mmoja alichungulia katika tundu la chumba cha Mtume, na Mtume alikuwa na chanuo cha chuma mkononi. Akamwambia kwamba lau angejua anachungulia angemchoma nalo jichoni, na kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Kutazama nje kutoka kwako na kuchungulia ndani kwa mwenzako si jambo moja, ingawa tundu ni lile lile. Mwandishi naye ana mipaka hiyo, na tutaiona mbele.

NYUMBA ILIYOWAPA MGONGO WAPITA NJIA

Mreno Duarte Barbosa aliandika kitabu chake kwenye miaka ya 1516 hivi. Alipofika kwenye habari za Kilwa alitaja nyumba nzuri za mawe na chokaa, milango ya mbao iliyochongwa, na madirisha mengi kama ya kwao Ureno. Kilwa ni jirani yetu, safari ya jahazi kuelekea kaskazini ukishavuka mlango wa Ruvuma. Kwa hiyo asije mtu akasema wazee wa pwani hawakujua kujenga madirisha. Walijua. Na wakati Barbosa anaandika, Wareno walikuwa wamekwisha kuivamia Kilwa, mwaka 1505.

Lakini nyumba za mawe za Lamu na Pate zilizojengwa katika karne ya 18 ziliupa mgongo mtaa. Unaingia kwa daka, penye mabenchi ya mawe, kisha tekani, na njia inapinda ili mlango ukifunguliwa mpita njia asione ndani. Halafu unatokea kiwandani, uani palipo wazi juu, na mwangaza wa nyumba nzima unatoka hapo. Vyumba vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, virefu na vyembamba, na wembamba wake una sababu ya wazi kabisa: dari ilishikwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haivuki sana mita 3. Kila ukiingia chumba cha ndani mwangaza unapungua. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, kwa sababu hiyo adhuhuri ya kaskazi, nje kukiwaka, ndani kuna baridi.

Na huko ndani kabisa, mahali ambapo mgeni hafiki, ndipo palipopambwa kuliko kote. Ukuta mzima umejaa zidaka, safu juu ya safu, zimechongwa kwa chokaa laini, na ndani yake vyombo vya kaure kutoka China, vioo, vitabu, mafuta mazuri. Wako watafiti waliosema vyombo vile viliwekwa ili kupokea jicho baya badala ya wenye nyumba. Huenda wengine waliamini hivyo. Mimi naona sababu nyepesi zaidi ingetosha: anayeshinda ndani siku nzima anahitaji kitu cha kutazama, na mwenye nyumba wa Lamu alimjengea mkewe na binti zake kitu cha kutazama. Ukuta wa zidaka ulikuwa mandhari yao. Katika sahani moja kuna China, katika kioo kuna Ulaya, katika kitabu kuna Hijazi.

Wanaume walikuwa na baraza. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ni mshairi wa barazani, mashairi yake yamejaa siasa, biashara, kejeli na majibizano ya mtaani, na yanafurahisha. Ila tukidhani fasihi yetu yote ilizaliwa barazani tutaikosa nusu yake.

ZIDAKA ZA PATE

Mwanachuoni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate alitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Pate ilipokuwa imeanguka. Mji uliokuwa na mali na wanazuoni ulimalizwa na vita na fitina, na mapigano ya Shela, miaka ya 1812 na 1813, yakamaliza lililobaki. Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake, auonye kuhusu dunia. Mawaidha ya aina hiyo ni mengi katika Uislamu na wengi wameyatunga vizuri. Kilichoufanya utungo wake ukae vichwani mwa watu kwa miaka 200 ni kwamba haishii kusema dunia inapita. Anaingia ndani ya nyumba. Anapita chumba kwa chumba, anaonyesha penye taa, penye vitanda, penye zidaka zilizopangwa vyombo, na sasa ndege wamefanya viota humo na popo wanaruka gizani.

Wanafunzi, liangalieni hili vizuri. Sayyid Abdalla angeweza kupanda juu ya ukuta wa mji akaandika anachokiona: bahari, minazi, kuta zilizobomoka. Angekuwa ameandika anachoweza kukiandika baharia yeyote anayepita. Yeye alitazama kidaka kitupu, na mtu anayejua kidaka kilikuwa na nini zamani ndiye pekee anayeweza kuandika utupu wake. Ndiyo maana leo, ingawa Pate ni magofu kwa sehemu kubwa, tunajua sahani zilikaa wapi.

Visiwa hivyo hivyo, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa wasia. Mumewe, Bwana Mataka, mkuu wa Siyu aliyempinga Sultani wa Unguja kwa miaka mingi, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Anamwita binti asogee karibu na wino na karatasi. Utendi wake una beti zipatazo mia moja, na mwanamke huyu aliyeishi kando ya vita vikubwa vya zama zake hakutia humo hata mzinga mmoja. Ametia dua, adabu, maji ya kuoga, hina, wanja, manukato, namna ya kumwangalia mume aliyelala asiamshwe. Kuna watu wa siku hizi wanausoma wakaulaumu kwamba unamfungia mwanamke ndani. Yapo ya kujadili, sikatai. Lakini ukiusoma kama mwandishi utaona jicho kali lililokuwa likitazama chumba kimoja kwa miaka mingi na kukiona chote. Utendi ule ulinakiliwa kwa mkono na wanawake, ukahifadhiwa kwa moyo, na mwaka 1934 ukachapishwa kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

BINTI ALIYETAZAMA PAA LA JIRANI

Mwaka ule ule wa 1856 aliofariki Bwana Mataka ndio aliofariki Sayyid Said bin Sultan wa Unguja. Miongoni mwa watoto wake alikuwamo Salme, aliyezaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844. Habari zake ni nzito kwetu Waislamu kwa sababu baadaye alitoka katika dini, na sitaki kulipitisha hilo kama kwamba si kitu. Hata hivyo ndiye mwanamke wa pwani hii aliyeacha kitabu kirefu kuhusu maisha ya ndani ya nyumba, na mwanafunzi wa historia hawezi kukiruka.

Zama zake mabinti walifundishwa kusoma Qurani, kuandika kulikuwa kwa wavulana. Salme alijifunza kwa siri. Alichukua mfupa wa bega la ngamia, ambao wanafunzi walitumia kama ubao, akauweka msahafu mbele yake akawa anaiga herufi moja moja. Ustadi huo ulimtia mashakani upesi. Mwaka 1859 nduguye Barghash alipotaka kumpindua ndugu yao Sayyid Majid, alihitaji karani asiyeshukiwa na mtu, na aliyepatikana ni msichana wa miaka 15 aliyejua kuandika. Barua za njama ziliandikwa ndani, na mkono usiotarajiwa. Njama ikashindwa, Barghash akahamishiwa Bombay.

Miaka michache baadaye Salme aliishi mjini katika nyumba iliyopakana na ya mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Paa la nyumba ya jirani lilikuwa chini kidogo ya kwake, na kitabuni mwake anaeleza jinsi alivyokuwa akitazama kutoka dirisha la juu karamu za wanaume wale wa Ulaya. Baadaye ikawa mazungumzo, kisha mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza. Aden, mwaka 1867, akabatizwa na kuolewa. Ile hadithi ya tundu na chanuo cha chuma tuliyoitaja juu haikuwekwa bure, na mzazi anayesoma atanielewa.

Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani. Mwaka mmoja kabla, 1885, alikuja Unguja pamoja na manowari za Kijerumani. Barghash, ambaye sasa ndiye Sultani, alikataa kumpokea. Alikwenda kuitazama Bet il Mtoni alikozaliwa, akaikuta gofu. Kurasa zake kuhusu gofu lile ni jirani kabisa na Al-Inkishafi, ngazi iliyoanguka, majani yaliyoota ndani, ingawa mmoja aliandika kwa Kiswahili cha Pate na mwingine kwa Kijerumani. Wote wawili hawaelezi mandhari ya nje. Wanaeleza nyumba waliyoijua ilipokuwa na watu.

KUTOKA TUNGI MPAKA VAMIZI

Barghash huyu huyu ndiye anayetuleta kwetu. Katika utawala wake, 1870 mpaka 1888, Unguja ilidai kwamba bendera yake inafika ghuba ya Tungi, penye Palma ya leo. Wareno walidai vinginevyo, na Februari 1887 wakaipiga Tungi kwa mizinga ya manowari na kuichukua. Vamizi iko kusini ya ghuba hiyo, kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita 12 hivi, watu wake wavuvi, wanasema Kimwani na Kiswahili, na kasa wanapanda kutaga kwenye fukwe zake.

Kuna wanaodhani pwani ya huku haikuwa na maandishi. Si kweli. Katika jumba la kuhifadhia nyaraka za historia ya Msumbiji, Maputo, zimo mamia ya barua za karne ya 19 zilizoandikwa kwa Kiswahili na lugha nyingine za pwani kwa herufi za Kiarabu, kutoka kwa masultani, masheikh na wakubwa wa huku kwenda kwa magavana Wareno. Watafiti Liazzat Bonate na Chapane Mutiua wamefanya kazi kubwa ya kuzifungua. Barua hizo zinaanza kwa salamu na heshima ndefu, kisha zinaingia kwenye siasa, biashara, ugomvi na mapatano. Ndiyo kazi yake. Ni maandishi ya barazani, yaliyoandikwa ili yasomwe na gavana, na aliyekuwa akiandika hakuwa na sababu ya kumweleza gavana taa ya mkewe inakaa wapi.

Ibo walijenga namna nyingine. Wareno walimaliza ngome yao mwaka 1791, na Ibo ikawa makao makuu ya Cabo Delgado mpaka yalipohamia Porto Amélia, ndiyo Pemba ya leo. Nyumba za wakubwa zilikuwa na varanda na madirisha makubwa ya mbao yanayotazama njia. Katika vijiji vya visiwani, Vamizi ikiwemo, nyumba zilibaki za miti ya mikoko, mawe ya matumbawe na udongo, paa la makuti, na dirisha lilikuwa dogo au halikuwapo. Upepo uliingia chini ya makuti, mwangaza ukaingia mlangoni, na maisha ya mchana yakawa uani na barazani.

Nyumba kama hizo hazidumu karne mbili zikawa magofu ya kutungiwa. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga Cabo Delgado, na paa zikaenda. Vita vilikuwa vimeanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na Septemba 2020 watu wenye silaha, waliojipa jina la dini yetu, walifika Vamizi na kisiwa cha Mecungo, nyumba zikachomwa na wakazi wakakimbia. Oktoba mwaka huo maelfu ya watu wa pwani ya kaskazini waliteremka kwa mashua ufukweni Paquitequete, Pemba. Machi 2021 ikafuata Palma. Nyumba ya miti na makuti ikiungua haiachi ukuta wenye zidaka ili mshairi aje kuutazama. Inaacha weusi mchangani, na mvua za masika zikipita hata huo haupo. Ndiyo kusema kwamba Vamizi haina muda ambao Pate ilikuwa nao.

Nafundisha watoto ambao familia zao zilitoka kisiwani wakati huo. Wengi walikuwa wadogo mno, hawakumbuki. Nilipowapa lile zoezi la kitabuni, la kukaa dirishani, mmoja aliniambia, "Maalim, nyumba yetu ya Vamizi haikuwa na dirisha, ilikuwa na tundu la taa." Wenzake wakacheka. Basi nikaliacha zoezi la kitabu, nikawaambia: nendeni kwa bibi zenu na mama zenu, waulizeni tundu hilo lilikuwa upande gani wa nyumba na ndani yake mlikuwa na nini, kisha muandike, kwa Kimwani au kwa Kiswahili, msitie jambo ambalo hamkuambiwa.

Nilitarajia majibu ya mstari mmoja mmoja. Mawili yalirudi hivyo. Mengine yalirudi na michoro, na wazee wawili walikuja wenyewe madrasa kubishana kama nyumba ya jirani yao ilikuwa na tundu moja au mawili.

Insha iliyonikaa zaidi ni ya msichana wa miaka 12, mistari saba tu. Kidaka cha bibi yake kilikuwa mkono wa kulia wa kitanda, kiasi cha mtoto aliyesimama. Ndani mlikuwa na koroboi, msahafu uliofungwa kwa kipande cha leso, chupa ya mafuta ya nazi, na barua ya babu yake aliyekuwa akivua Mtwara. Moshi wa koroboi ulichora ulimi mweusi juu ya kidaka. Kila Shaabani bibi alipaka chokaa, na Idi ya pili haijafika ulimi umerudi.

Nilimuuliza barua ya babu ilisema nini. Akaenda kuuliza, akarudi kesho yake na daftari lake.

"Bibi anakusalimu sana, Maalim," akasema. "Anasema hilo halikuhusu."